Kusoma shahada kwa masafa nikiwa Kasulu: je, kujiongoza katika kujifunza ni ujuzi unaofundishika?

Mwalimu wa Kasulu (ameuliza)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote. Mimi ni mwalimu wa sekondari wilayani Kasulu, nafundisha Historia na Kiswahili nikiwa na stashahada, na huu ni mwaka wangu wa pili wa shahada ya kwanza ya elimu kwa njia ya masafa. Nitaandika kwa kirefu kidogo, kwa sababu jambo lenyewe limenikaa rohoni tangu matokeo yalipotoka, na nisingependa kujibiwa kwa maneno ya kutiwa moyo peke yake.

Utaratibu wangu ni huu: nikishamaliza shughuli za nyumbani na watoto wakalala, saa tatu usiku nafungua simu na kuingia katika mfumo wa chuo wa kujifunzia mtandaoni. Humo kuna mihadhara iliyoandikwa, kuna video, kuna mazoezi, na kuna ukumbi wa majadiliano ambao kwa kweli hauna mtu. Nasoma hadi saa tano. Moduli ya Misingi ya Mtaala nimeisoma mara tatu, nimeipaka rangi ya njano kila palipoonekana pa muhimu, video zake nimezitazama zote, na kila nilipozima simu nilikuwa na hakika kwamba nimeelewa. Nilipofika kwenye chumba cha mtihani mjini Kigoma, maswali sikuyaona mageni hata kidogo. Nililitambua kila swali kama unavyoitambua sura ya mtu mliyewahi kukaa naye kiti kimoja kwenye basi, lakini jina lake hulikumbuki wala kwao hukujui. Nikaandika nusu ukurasa mahali palipotakiwa kurasa tatu. Somo hilo nimelifeli, na mawili mengine nimepita kwa kuchechemea.

Yapo mengine yanayonisumbua. Video zinamaliza bando kabla wiki haijaisha. Kundi letu la WhatsApp lina watu zaidi ya themanini, lakini kinachopita humo ni majibu ya kazi za nyumbani, ambayo wengi wanayanakili jinsi yalivyo. Kazi ninazowasilisha zinarudi na alama tu, bila neno hata moja la kunieleza nilipokosea. Nimeandika kuuliza mara mbili na sikujibiwa. Mwongozo tuliopewa mwaka wa kwanza unasema kwamba mwanafunzi wa masafa anapaswa kujiongoza mwenyewe katika kujifunza, kisha haumwambii anajiongozaje.

Miaka tisa sasa nimesimama mbele ya wanafunzi na kuwafundisha, na ninaona uchungu kugundua kwamba mimi mwenyewe sijui kujifunza. Ninaomba mnisaidie kwa dhati: kujiongoza huku ni kipaji ambacho wengine wamezaliwa nacho, au ni ujuzi ambao mtu wa umri wangu anaweza kuupata? Na simu hii niitumieje ili inifundishe kweli, badala ya kunipa faraja ya kudhani kwamba nimesoma? Nimeanza kufikiria kuacha na kuomba ruhusa ya kwenda kusoma chuo cha bweni, ingawa kwa hali ya familia yangu hilo ni gumu mno.

Mkufunzi, Tabora

Mwalimu, pole kwa matokeo, na nakuomba usiache. Ninafundisha watu wazima hapa Tabora kwa miaka mingi sasa, na hali uliyoieleza ndiyo ninayokutana nayo mara nyingi kuliko nyingine zote, hasa kwa wanafunzi wenye bidii.

Nianze na neno lenyewe, kujiongoza, kwa sababu naona limekutia hatiani bure. Malcolm Knowles, mtaalamu wa elimu ya watu wazima wa Marekani, alilieleza mwaka 1975 kuwa ni mwenendo ambao mtu, kwa msaada wa wengine au bila msaada huo, anachukua hatua ya kwanza katika kutambua anachohitaji kujifunza, kuweka malengo, kutafuta watu na vifaa vya kumsaidia, kuchagua njia zinazofaa, na kupima alichokipata. Tazama kwamba watu wamo ndani ya maelezo hayo. Kujiongoza hakujawahi kumaanisha kukaa peke yako saa tatu usiku na simu mkononi. Sasa tazama pia ni sehemu zipi wewe umezifanya. Njia ulikuwa nayo, vifaa ulikuwa navyo, na bidii unayo tele. Kilichokosekana ni mwanzo na mwisho: hukujua unahitaji nini kabla ya kufungua moduli, na hukujipima baada ya kuifunga. Chuo ndicho kilichokupima, tena siku ambayo hapakuwa na nafasi ya kurekebisha.

Ulivyoeleza kuhusu kulitambua swali umegusa kiini kabisa. Kutambua ni kazi moja ya akili na kukumbuka ni nyingine. Unaposoma ukurasa kwa mara ya tatu, maneno yanapita kwa wepesi kwa sababu umeyazoea, na wepesi huo ndio unaoudhania kuwa ni kuelewa. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha jaribio ambalo huwaeleza wanafunzi wangu wote katika kipindi cha kwanza. Wanafunzi wa chuo kikuu walisoma vifungu vya habari; baadhi ya vifungu wakavisoma tena, na vingine wakatakiwa kuviandika kwa kukumbuka bila kutazama. Walipopimwa baada ya dakika 5, vifungu vilivyosomwa tena vilikumbukwa zaidi kidogo. Walipopimwa baada ya wiki 1, mambo yaligeuka: vifungu vilivyosomwa tena vilikumbukwa kwa takriban asilimia 42, na vilivyoandikwa kwa kukumbuka kwa takriban asilimia 56. Angalia jinsi dakika zile 5 zinavyodanganya. Wewe umekuwa ukijipima kila usiku kwa kipimo cha dakika 5, na mtihani ukaja baada ya miezi.

Basi fanya hivi. Kila mhadhara wa moduli za masafa huanza na malengo, yale yanayosema kwamba baada ya kuusoma utaweza kueleza hiki, kutofautisha hiki na kile, kuchambua hiki. Wengi huyaruka. Yanakili kwenye daftari la kawaida la karatasi na uyageuze kuwa maswali: "kueleza" iwe "eleza", "kutofautisha" iwe "tofautisha". Kabla hujasoma chochote jaribu kuyajibu, hata kama utaandika sentensi mbili zenye makosa. Hapo utakuwa umetambua unachohitaji. Kisha soma mara moja, kwa utulivu. Kisha weka simu chumba kingine na uyajibu tena kwa kalamu. Utaumia mara ya kwanza, nakuhakikishia, kwa sababu utaona jinsi kulivyobaki kidogo. Rudi kwenye moduli ujaze pengo tu, usisome upya yote. Maswali yale yale uyarudie baada ya siku mbili, baada ya wiki, na baada ya wiki tatu. Hermann Ebbinghaus wa Ujerumani alionyesha tangu mwaka 1885, kwa kujifanyia majaribio yeye mwenyewe, kwamba usahaulifu huja kwa kasi sana mwanzoni na kwamba marudio yaliyoachanishwa kwa siku hudumu kuliko yaliyorundikwa mahali pamoja.

Muda ulioutumia kusoma mara tatu ungetosha kwa haya yote bila kuongeza hata dakika moja usiku.

Muuguzi wa Ujiji

Shikamoo Mkufunzi, na wewe Mwalimu pokea salamu zangu. Mimi niliipandisha stashahada yangu ya uuguzi hadi shahada nikiwa kazini, kwa zamu za usiku, nikiishi hapa Ujiji. Nitasema kuhusu simu na kuhusu watu.

Kuhusu bando, tatizo kubwa ni kutazama video moja kwa moja mtandaoni. Video ya saa moja inaweza kula mamia ya megabaiti, wakati mhadhara ule ule ukiwa faili la maandishi mara nyingi hauzidi megabaiti chache. Kama mfumo wa chuo chako umejengwa juu ya Moodle, na vyuo vingi vya kwetu hutumia huo, ipo programu yake ya simu ambayo inakuwezesha kupakua kozi nzima na kuisoma bila mtandao, mradi chuo kimeiruhusu. Hata baadhi ya majaribio unaweza kuyafanya ukiwa nje ya mtandao na majibu yakapanda pale utakapounganishwa. Mimi nilikuwa napakua alfajiri siku moja ya wiki, kisha nazima data kabisa. Faida niliyoiona baadaye haikuwa fedha peke yake. Data ikizimwa, ujumbe hauingii, na saa mbili zinakuwa saa mbili kweli.

Ipo pia programu ya bure iitwayo Kiwix, ambayo inahifadhi Wikipedia ndani ya simu au kwenye kadi ya kumbukumbu, ya Kiswahili na ya Kiingereza, ukaisoma popote pasipo na mtandao. Haitoshi kunukuliwa katika kazi ya chuo, lakini inatosha kukuondolea kiza unapokutana na neno usilolijua saa nne usiku. Kwa makala za kitaaluma, muulize mkutubi wa chuo chako kuhusu Research4Life. Mpango huo ulianza mwaka 2002 kwa majarida ya afya na baadaye ukapanuka hadi nyanja nyingine, na huzifungulia taasisi za nchi zenye kipato cha chini majarida ambayo kwa kawaida ni ya kulipia. Mimi nilimaliza mwaka mzima bila kujua kwamba nywila yake ilikuwepo maktaba, ikingoja aulize mtu.

Sasa kuhusu watu. Sisi tulikuwa watano: wauguzi wawili, mwalimu, karani wa bandarini, na dada mmoja anayeuza mawese soko la Mwanga ambaye alikuwa akisoma biashara. Kozi zetu hazikufanana hata kidogo, na jambo hilo lilitufaa kuliko nilivyotarajia. Tulikutana Jumapili alasiri, na sharti lilikuwa moja tu: kila mtu anaeleza kitu kimoja alichosoma wiki hiyo, bila karatasi wala simu, mpaka mtu asiyesoma somo hilo aelewe. Nilipotakiwa kumweleza karani wa bandari jinsi figo inavyochuja damu, ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa nimekariri majina ya sehemu zake bila kujua kazi ya hata moja. Aliniuliza, "Kwani maji yanajuaje yarudi na taka ibaki?" Nilinyamaza. Wiki iliyofuata nilikuja na jibu, na jibu hilo sijalisahau hadi leo.

Kundi la watu themanini halitakufanyia hivyo. Kundi kubwa kiasi hicho linampa kila mtu nafasi ya kujificha.

Mzee wa Urambo

Nimesoma kwa makini, na ninawashukuru wote wawili kwa ushauri mzuri. Lakini nina jambo la kuongeza, na kidogo la kupinga, kwa sababu naona mzigo wote umewekwa kichwani kwa huyu binti.

Mwaka 1973 nilikuwa kijana hapa Urambo, na nilikuwa mmoja wa viongozi wa vikundi vya kampeni ya Mtu ni Afya. Vijana wa leo wakisikia neno teknolojia wanafikiri ilianza na simu janja. Teknolojia yetu ilikuwa redio. Kwa wiki 12, watu wapatao milioni 2 nchi nzima walikusanyika katika vikundi kusikiliza vipindi vya afya, na walikuwa wakulima na wafugaji, wengine hata kusoma hawajui vizuri. Lakini redio haikuachwa peke yake. Palikuwa na kijitabu kilichoandikwa kwa lugha nyepesi, na palikuwa na kiongozi wa kikundi aliyefundishwa kabla. Viongozi tuliofundishwa tulikuwa takriban 75,000. Kipindi kikiisha tulizima redio, tukasoma sehemu ya kijitabu, tukajadiliana, kisha tukaamua tutafanya nini. Vyoo vilichimbwa kwa uamuzi wa watu wenyewe, wala hakuna aliyesikia kwenye redio kwamba achimbe kesho.

Ninaloliona sasa ni kwamba baadhi ya vyuo vimechukua redio na kuacha kiongozi wa kikundi. Mhadhara unapakiwa, mwanafunzi anapewa nywila, na akishindwa anaambiwa hakujiongoza. Uzoefu wa dunia ulikwisha kutuonya. Mwaka 2012 kozi huria za mtandaoni zilipovuma, vyuo vikubwa vya Marekani vilifungua milango kwa mamilioni ya watu bila malipo, mihadhara ikiwa mizuri ajabu, na bado katika nyingi ya kozi hizo waliomaliza hawakufika hata sehemu moja ya kumi ya waliojiandikisha. Tofauti na hapo, Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, kilichopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1971, kiliwatumia watu masomo kwa posta, redio na televisheni, lakini kila mwanafunzi alikuwa na mkufunzi wake anayemfahamu, anayesahihisha kazi zake na kumwandikia maelezo. Na sisi wenyewe, Bunge lilipopitisha sheria ya kuanzisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania mwaka 1992, chuo hicho kilifungua vituo mikoani, maana ilieleweka kwamba mtu wa Kigoma anahitaji mlango wa kugonga ulioko Kigoma.

Kwa hiyo binti yangu, fanya yote uliyoambiwa, lakini maelezo ya kazi zako ni haki yako na wala si hisani. Andika barua rasmi kwa idara, ya heshima, ueleze ni kazi ipi, uliwasilisha lini, na kwamba unaomba maoni ya msahihishaji. Muwe na wenzako mnaosaini pamoja. Barua ya watu sita haipotei kwa wepesi kama ujumbe wa mtu mmoja.

Mwalimu wa Kasulu

Shikamoo Mzee, shikamoo Mkufunzi, na Muuguzi ahsante sana. Nimesoma majibu yenu mara kadhaa, kisha nikajikemea kwa kuyasoma mara kadhaa, nikachukua daftari.

Nina swali moja dogo kabla sijaleta mrejesho. Mwenzangu kazini ananishauri nitumie akili mnemba kufupishia mihadhara, kwamba ninaipa faili la kurasa arobaini na inanirudishia kurasa mbili. Je, ni vyema?

Mkufunzi, Tabora

Mzee wa Urambo amenisahihisha na ninakubali. Nilizungumza na mwanafunzi kana kwamba chuo hakipo.

Kuhusu akili mnemba, tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022 nimeona wanafunzi wangu wakiitumia kwa namna mbili zilizo mbali kama Tabora na Ujiji. Kufupisha ndiko kazi yenyewe ya kujifunza: kuamua lipi ni kubwa na lipi ni dogo, lipi linashika lipi. Ukiikabidhi kazi hiyo kwa mashine, mashine itakuwa imejifunza na wewe utabaki na kurasa mbili za kutambua sura zake. Zaidi ya hapo, programu hizi huweza kutunga vitabu na waandishi ambao hawapo kabisa duniani, kwa lugha fasaha inayomfanya msomaji asishuku. Nimesahihisha kazi yenye vyanzo vitano ambavyo vitatu kati yake havikupatikana popote.

Matumizi ya pili ninayaunga mkono. Andika kwanza maelezo yako mwenyewe kwa kukumbuka, kisha uyaweke humo pamoja na sehemu ya mhadhara, na uiombe ikuulize maswali magumu juu ya yale uliyoyaacha, bila kukupa majibu. Jibu, halafu hakiki kwa moduli yako, maana hata katika kuuliza inaweza kupotoka. Akiwepo mtu wa kukuuliza, mtangulize mtu, kwa sababu karani wa bandari aliuliza swali ambalo nisingelifikiria mimi mwenye shahada zangu.

Mwalimu wa Kasulu

Ninaleta mrejesho baada ya wiki mbili, kama nilivyoahidi.

Usiku wa kwanza nilifungua mhadhara wa kwanza wa Misingi ya Mtaala, ule ule niliousoma mara tatu mwaka jana, nikageuza malengo yake kuwa maswali saba. Kabla ya kusoma nilijibu mawili. Baada ya kusoma na kuweka simu chumbani kwa watoto, nilijibu manne, na mistari niliyoandika ilikuwa michache kiasi kwamba nilikaa kimya kwa muda mrefu. Nilirudia baada ya siku mbili, nikajibu matano. Juzi, baada ya wiki, nimejibu sita, na la saba nimelijua kosa langu liko wapi. Nimesoma kurasa chache kuliko kawaida yangu na nimechoka zaidi.

Programu ya Moodle imekubali, isipokuwa video hazipakuliki kwa kozi mbili kati ya nne. Bando la wiki limebaki na akiba kwa mara ya kwanza. Nimempigia mkutubi wa chuo kuhusu Research4Life, naye amesema nywila ipo na atanitumia.

Barua tumeiandika. Tuliosaini ni wanne, si sita, kwa kuwa wengine wawili waliogopa. Imekwenda idarani siku ya Jumatatu kwa barua pepe, na nakala ya karatasi tumeipeleka kituo cha Kigoma kwa mkono, ikagongwa muhuri wa kupokelewa.

Kikundi nimekipata hapa hapa Kasulu. Tuko watatu: mimi, tabibu wa zahanati anayesoma afya ya jamii, na kijana wa benki anayesoma sheria. Tunakutana Jumamosi saa tisa alasiri, darasani kwangu, watoto wakiwa wameshaondoka. Zamu ya kwanza nimepewa mimi, kueleza tofauti kati ya mtaala na muhtasari wa somo, bila karatasi, na tabibu ameshanionya kwamba hajawahi kuelewa kwa nini vitu hivyo viwe viwili.

Muuguzi wa Ujiji

Mwache akuulize hadi mwisho, usimkatishe. Na ukinyamaza, andika swali lake lilivyo, kwa maneno yake.